Kazimoto Alirudi Kijijini Akiumwa

Kwa miaka 50 na zaidi tumemsoma Kazimoto kama mwanafalsafa. Mhusika mkuu huyo wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1974, anajiuliza maisha yana maana gani, hapati jibu, na mwisho anajiua. Wahakiki waliliona hilo mapema. Wakamweka katika kundi la udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya maisha, karibu na wahusika wa mwandishi Mfaransa Albert Camus, na wanafunzi wakakariri. Sipingi. Ila katika kutafuta falsafa yake tumempita kijana mwenyewe, na kijana yule alikuwa anaumwa.

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alipitia seminari ya Kikatoliki, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970. Kazimoto naye ni mtoto wa Ukerewe na mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Hii si tawasifu, lakini njia ile, kutoka kijijini hadi chuoni na kurudi likizo, mwandishi aliijua kwa miguu yake. Alikuwa na miaka 30 kitabu kilipotoka.

Njia hiyo watu wa Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanaijua pia. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, shule zikafuata, na baadaye kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, ikalipa karo za watoto wengi. Msomi wa mlimani ni mtoto wa ukoo mzima. Kila Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 500, magari yakapinda Himo, yakapanda Marangu, Mwika hadi Rombo. Watani husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, wanakungoja wazee, makaburi ya babu zako, mbege, ile pombe ya ndizi, na maswali: umejenga? Umeoa? Wadogo zako unawasaidiaje? Mwenye furaha huyajibu huku akicheka. Lakini yupo anayerudi akiwa ameishiwa nguvu ndani kwa ndani, anakaa na ndugu zake mezani wala hasikii wanachosema, na hakuna anayemuuliza analalaje.

Huyo ndiye Kazimoto. Nyumbani mambo yanamwangukia moja baada ya jingine. Manase, rafiki yake wa zamani, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, mama naye anakufa. Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, akiwa na nia ya kulipa kisasi, kisha anampenda na kumwoa. Misiba hiyo hapati nafasi ya kuililia. Anaigeuza kuwa hoja: juu ya Mungu, juu ya kifo, juu ya upuuzi wa kuishi. Kila anapofikiri zaidi ndivyo anavyozidi kuwa peke yake, hata akiwa na mke anayempenda.

Ishara kubwa ya riwaya ni mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Manase anazaa mtoto wa namna hiyo, na baadaye Kazimoto na Sabina wanapatwa na yale yale. Kimwili ni ugonjwa uliopitia kwa wazazi. Kiishara, wengi wamesema ni elimu iliyojaa kichwani pasipo mizizi, na hilo lina nguvu, maana baba wote wawili ni wasomi. Mimi naona na jambo jingine: uzito usiosemwa. Walichoficha baba hao, aibu pamoja na maradhi, kinatokea mahali ambapo hakiwezi kufichika tena, juu ya mabega ya mtoto asiye na kosa. Kezilahabi aliifanya sonona ionekane kwa macho, wakati ambapo jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, vijijini lilitajwa kama tusi.

Ni kazi inayofanana na ile ya Sylvia Plath, Mmarekani aliyetoa The Bell Jar mjini London Januari 1963 kwa jina la bandia, Victoria Lucas. Alichukua mambo aliyoyapitia yeye mwenyewe, akampa msichana aitwaye Esther, na kuifanya huzuni yake kuwa kengele ya kioo iliyomfunika ashindwe kupumua hewa ya wenzake. Plath alijiua tarehe 11 Februari mwaka ule ule, akiwa na miaka 30. Kezilahabi hakumfuata mhusika wake. Aliandika tena, akapata shahada ya uzamivu Wisconsin, Marekani, akafundisha Botswana, na kufariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020 akiwa na miaka 75. Kwa hiyo tusiisome Kichwamaji kana kwamba ni shajara.

Lakini tusiifanye nadharia tupu pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Sheria inamwona mkosaji, darasa linamwona mdhanaishi. Ningependa mwalimu atakayeifundisha riwaya hii awaulize wanafunzi kwanza ni katika sura ipi mtu angeweza kukaa na Kazimoto na kumsikiliza, na mtu huyo angekuwa nani: Sabina, baba yake, au jirani. Udhanaishi uje baadaye.