Ng'ombe wa Kodi

Nilipoacha chuo nilikuwa nikiandikia watu makala za mtandaoni, kazi ya kulipwa kwa maneno. Siku moja mteja wa Texas, muuza mashamba, akaniagiza maneno 1,500 kuhusu kupunguziwa kodi ya ardhi kwa kufuga nyuki. Nyuki! Nilicheka peke yangu pale bedsita. Halafu nikaanza kusoma sheria yenyewe, na kicheko kikaisha, juu nilikuwa namfikiria shosho.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Shule na kaunti zake hutegemea sana kodi ya mali, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kwa thamani ya soko, yaani bei ambayo mnunuzi angetoa leo. Sasa chukua mzee anayefuga ng'ombe nje ya mji. Mji unamfuata. Jirani anauza kwa wajenzi wa nyumba, bei ya ekari inaruka, na mzee ambaye hajauza hata kijiti anaandikiwa kodi kana kwamba shamba lake tayari ni mtaa. Ng'ombe hawana habari kwamba bei imepanda. Wanazaa ndama walewale, maziwa ni yaleyale. Mwishowe mzee anauza shamba ili alipe kodi ya shamba.

Baada ya vita vikuu vya pili, miji ya Marekani ilitanuka hivyo kila upande, na mashamba yakaliwa. Maryland ndilo jimbo lililotangulia, mwaka 1956, kusema shamba lipimwe kwa kile linachozalisha, si kwa bei ambayo lingeuzwa. Mengine yakafuata, na leo majimbo yote 50 yana sheria ya aina hiyo. Texas iliingia mwaka 1966 kwa kubadilisha katiba yake.

Hapa ndipo niliposoma polepole. Kifungu cha 1966 kilimuuliza mtu maswali. Je, kilimo ndicho kazi yako kuu? Ndicho chanzo chako kikuu cha mapato? Kama wewe ni kampuni, pole, hii si yako. Ilikuwa sheria ya mkulima.

Mwaka 1978 wapigakura wakapitisha kifungu kingine, na swali likahama kutoka kwa mtu hadi kwa udongo. Kinachotakiwa ni ardhi itumike hasa kwa kilimo, kwa kiwango cha kawaida cha eneo hilo, na iwe imetumika hivyo kwa miaka 5 kati ya 7 iliyotangulia. Mwenyewe anaweza kuwa daktari anayeishi Houston na ambaye hajawahi kushika jembe. Anaweza kuwa kampuni. Kile cha 1966 bado kipo kwenye katiba, ila ni wachache wanaokigusa.

Sitaki kusema ilikuwa hila. Mke wa mkulima anafundisha shule, mshahara wake ndio unaolipa mkopo wa trekta. Utamwambia huyo kwamba familia yake si ya wakulima? Kumdai mtu asiwe na kazi nyingine ndipo aitwe mkulima ni kumwadhibu kwa kujitahidi. Lakini ukishaacha kumuuliza mtu, unabaki kuhesabu ng'ombe. Na ng'ombe wanakodishwa. Mwenye ardhi anayesubiri bei ipande anamruhusu mfugaji alete mifugo yake, nyasi zinaliwa, masharti yanatimia, kila mtu anarudi nyumbani akiwa na furaha.

Nyuki nao waliingia hivyo. Sheria inakubali ufugaji wa nyuki kwenye ardhi ya ekari 5 hadi 20, na ofisi ya uthamini ya kila kaunti ndiyo inayosema mizinga mingapi inatosha. Mwaka 1995 wakaongeza utunzaji wa wanyamapori, kwa ardhi ambayo tayari ilikuwa ikipimwa kama shamba. Ukibadilisha matumizi, ukajenga, unadaiwa ile tofauti ya kodi ya miaka ya nyuma. Ilikuwa miaka 5. Mwaka 2019 ikapunguzwa hadi 3. Kwa mtu anayejenga nyumba mia mbili, hiyo ni kama nauli.

Sasa turudi huku kwetu. Shosho ana ekari 2 nje ya Nairobi, migomba, mahindi, ng'ombe wawili. Lami ilifika, maghorofa yakafuata, na sasa kuna karatasi ya kodi ya kaunti inayomnyima usingizi. Sheria yetu ya 1963 ilitaja thamani ya kukodisha kwa kilimo kama njia mojawapo ya kutoza ardhi, kwa hivyo wazo hili halikuja na ndege. Na katiba ya 2010, kifungu cha 209, ndiyo inayozipa kaunti haki ya kutoza kodi ya mali.

Kwa swali la 1966, shosho anapita bila kusukumwa. Kwa lile la 1978 anapita pia, ila anko wangu naye anapita. Yeye ni mkulima wa simu. Anakaa Nairobi, ana ekari 4 karibu na za mama yake, na kijana wa kumwangalizia ng'ombe. Tofauti ni kwamba anko ana risiti, ana picha, ana mtu wa kumjazia fomu. Mbele ya afisa anayetaka ushahidi, anko ndiye mkulima.

Nilimuuliza shosho kama anaweza kuonyesha kwamba amelima miaka 5 kati ya 7.

"Kwani hiyo migomba unaona nilipanda jana?"

Nikamnunulia daftari la kuandika mavuno na mauzo. Nilipomtembelea tena nikalifungua. Kurasa tatu zimejaa majina ya watu wanaodaiwa maziwa, na kiasi cha kila mmoja. Tarehe hakuna hata moja.