Bahari Ndani ya Kioo: Historia Fupi ya Tangi la Maji Chumvi, na Mafunzo Yake Kabla Hujatoa Hela

Mara nyingi hapa tunazungumzia sato, kambale na mabwawa ya udongo. Leo nawajibu wenye maduka, migahawa na nyumba za wageni huku pwani, wanaouliza jinsi ya kuanzisha tangi dogo la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe na samaki wa rangi. Wengi wao wameshajaribu, na malalamiko yao yanafanana: "Afisa, maji nilichota baharini kabisa, samaki walikuwa wazima, mbona wiki ya pili wamekufa wote?"

Ningeweza kukupa orodha ya vifaa na bei, tukaishia hapo. Lakini mtu anayenunua kifaa bila kujua kazi yake ndiye anayepoteza hela. Kila kitu unachokiona kwenye tangi zuri la hotelini kilipatikana baada ya watu wengine kuua viumbe wengi na kujiuliza sababu. Tuwafuate watu hao, na kwa kila mmoja tuchukue funzo lake.

Fundi cherehani aliyetaka kuona kwa macho yake

Mwaka 1832, katika mji wa Messina kisiwani Sicily, alikuwapo mwanamke Mfaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power. Alikuwa binti wa fundi viatu, na yeye mwenyewe alianza maisha kama fundi wa nguo. Baharini pale kuna kiumbe wa jamii ya pweza anayeishi ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Wataalamu walibishana: je, ganda hilo analitengeneza mwenyewe, au ameliiba kwa kiumbe mwingine kama afanyavyo kaa anayehamia kwenye kombe la konokono?

Ukimtoa baharini anakufa, na akiwa chini ya maji humwoni vizuri. Kwa hiyo Jeanne alitengeneza matangi ya kioo, akayajaza maji ya bahari, akawafuga humo na kuwatazama siku baada ya siku. Akathibitisha kwamba ganda ni kazi ya kiumbe mwenyewe.

Funzo: tangi la kwanza la namna hii lilikuwa chombo cha kutazama. Wewe pia, kazi yako ya kwanza ni kutazama. Samaki anayehema juujuu, maji yanayobadilika rangi, tumbawe lililojikunja: hizo ni taarifa, na huja kabla ya kifo.

Mwanamke aliyemimina maji kila siku

Mwaka 1846 Mwingereza aitwaye Anna Thynne alikuwa Torquay, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Akapata matumbawe madogo yaliyo hai, akataka kuyapeleka nyumbani kwake London. Akayabeba ndani ya chombo chenye maji ya bahari.

London haina bahari. Mwanzoni aliagiza maji kutoka pwani, lakini hayakupatikana kila alipoyahitaji. Ndipo akaanza kuyatumia maji yaleyale kwa kuyamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, kila siku. Kazi hiyo ilifanywa na msichana wake wa kazi. Mwaka uliofuata akaongeza mawe yenye mwani hai. Matumbawe yake yakaishi karibu miaka 3.

Kama umewahi kusafirisha vifaranga vya samaki, unajua alichokuwa anafanya. Maji yanayoanguka hubeba hewa. Pampu ndogo unayouziwa leo ni mkono wa yule msichana, umefanywa mashine. Na umeme ukikatika, ambalo si jambo geni kwetu, chukua jagi: chota, mimina, chota, mimina. Usikae unasubiri umeme urudi huku samaki wanakosa pumzi.

Samaki, mmea na konokono

Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya jaribio lake la maji baridi. Aliweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa majini. Mmea ulitoa oksijeni, samaki wakaishi. Lakini majani yaliyokufa yakaoza, maji yakachafuka na kioo kikafunikwa na ukungu wa kijani. Akaongeza konokono. Konokono wakala uozo na ukungu, maji yakatakata. Baadaye akaihamishia kanuni hiyo kwenye maji ya bahari.

Funzo: hakuna kiumbe anayeishi peke yake. Mkulima anayechanganya mifugo na mazao analijua hili, kwamba uchafu wa mmoja ni chakula cha mwingine. Tangi lenye samaki tu, bila wa kusafisha nyuma yao, ni banda lisilofagiliwa.

Fasheni iliyomaliza fukwe

Hapo ndipo habari inapotugusa zaidi. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta ushuru wa kioo, kioo kikawa rahisi. Reli zikaanza kupeleka watu wa mijini baharini. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mmoja wa waliofanikisha nyumba ile, akatoa kitabu cha kufundisha watu kufuga viumbe wa bahari. Gosse alitoa pia fomula ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya madini. Alijua kwamba chumvi ya mezani peke yake haitoshi, lazima pawepo na madini ya magnesiamu na potasiamu. Hata leo kuna watu wanaotia chumvi ya jikoni kwenye maji ya bomba, kisha wanashangaa viumbe wakifa.

Kitabu kilipendwa. Watu wakamiminika ufukweni na ndoo, nyundo na patasi, kila mmoja akitaka bahari yake sebuleni. Viumbe wengi walikufa, mwenye tangi akarudi kuchukua wengine. Mwaka 1907 mtoto wa Gosse, Edmund, alieleza katika kitabu chake jinsi vidimbwi vya mawe alivyovijua utotoni vilivyoharibiwa na wakusanyaji, wengi wao wakiwa wamevutwa na maandishi ya baba yake, mtu aliyeipenda bahari kwa dhati.

Ndugu msomaji, hapa simama kidogo. Matumbawe yetu tayari yamepigwa na baruti, nanga na joto la maji. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki iligeuka nyeupe, na mengi yakafa. Jiwe la matumbawe ni nyumba ya changu na kamba wanaomlisha mvuvi wa kijiji chako. Usilivunje kwa ajili ya pambo la duka, na usimlipe kijana akuvunjie. Matumbawe magumu yamo pia katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kesi. Mgeni akikuomba umuuzie, mkatalie.

Wafanyakazi wasioonekana

Kuna muuaji mmoja ambaye watu hawa hawakumwelewa: amonia. Samaki huitoa kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza huiongeza. Mwaka 1890 mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alifanikiwa kuwatenga bakteria wanaoibadilisha amonia. Kwanza inakuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, yenye madhara kidogo. Ni bakteria walewale wanaofanya kazi kwenye udongo wa shamba lako.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani jinsi alivyofuga matumbawe kwa maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa na mawe ya baharini yenye uhai ndani yake. Hakuwa na chujio kubwa. Mawe yale, yaliyojaa vijishimo na bakteria, ndiyo yaliyokuwa chujio. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, wakaongeza taa kali na chombo cha kukusanya povu linalobeba uchafu.

Sasa jibu la lile swali: samaki wako walikufa wiki ya pili kwa sababu bakteria walikuwa bado hawajaongezeka vya kutosha.

Sasa wewe ufanye nini

1. Anza na tangi la lita 100, usianze na la lita 40. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Lita 2 zikikauka kwenye tangi la lita 40, chumvi inapanda hadi karibu 37. Kwenye lita 100 haifiki 36. Maji yakipungua, ongeza maji baridi safi yasiyo na klorini, si ya chumvi.

2. Meza iwe imara. Lita 100 peke yake zina uzito unaozidi kilo 100, bado kioo na mawe.

3. Chota maji bahari ikiwa imejaa, mbali na mifereji na mito, na si baada ya mvua kubwa.

4. Weka tangi mbali na jua la dirishani. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Chumba kikiwa na joto kali, elekeza feni juu ya maji.

5. Tumia mawe makavu ya chokaa yaliyopatikana kihalali. Ukimpata mwenye tangi lililokomaa, mwombe jiwe moja lenye bakteria.

6. Tia chembe chache za chakula cha samaki, washa pampu, kisha subiri wiki 4 hadi 6, au zaidi. Usihesabu siku tu, pima. Amonia ikipanda, ikashuka hadi sifuri, na naitraiti ikashuka hadi sifuri, hapo ndipo samaki anaingia.

7. Anza na samaki wadogo wawili na konokono kadhaa. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki.

8. Usitie dawa yenye shaba. Inaua konokono, kamba na matumbawe.

9. Matumbawe yaje mwishoni, miezi kadhaa baadaye, na yawe yaliyooteshwa na kuuzwa kwa kibali. Pita kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Ukiona gharama na subira hii ni kubwa kwako, weka tangi la maji baridi na samaki wa dhahabu wawili, kama Warington. Wateja watafurahi, mtaji wako utabaki salama, na mwamba utaendelea kulisha kijiji.