M-mama

M-mama ni mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga nchini Tanzania. Mama akizidiwa kijijini, hupigwa simu 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza dalili, huchagua kituo cha kumpeleka, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye hulipwa kupitia simu. Familia haichangishani nauli usiku wa manane, huku mama akivuja damu.

Mfumo ulianza kujaribiwa Kanda ya Ziwa. Kati ya tafiti za kitaifa za 2015/16 na 2022, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ingawa sifa hiyo si ya m-mama peke yake.