Ardhi na utalii ufukweni mwa Ziwa Kivu: mambo ambayo mwanakijiji anapaswa kuyafahamu

Ziwa Kivu, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,700, linapakana na wilaya tano za Mkoa wa Magharibi wa Rwanda: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Vijiji vilivyo kandokando yake vimeishi kwa uvuvi, kahawa, migomba na mifugo michache. Utalii umeongeza chanzo kingine cha kipato, na pamoja nacho umeongeza thamani ya ardhi inayotazama maji. Swali linalozikabili kaya nyingi za ufukweni ni moja: kipande cha ardhi ambacho jana kilikuwa shamba la mihogo, leo kitamnufaisha nani?

Shamba na ziwa, akiba mbili

Jua linapozama, mitumbwi ya sambaza huondoka ufukweni. Mitatu hufungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu inayochomoza mbele na nyuma hushikilia wavu. Taa huwashwa ili kuwavuta samaki, na wavuvi hupiga makasia wakiimba. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio msingi wa uvuvi wa ziwa hilo. Katika masoko ya Rubavu na Rusizi, miji inayopakana na Goma na Bukavu, Kiswahili husikika kila siku katika biashara ya samaki hao.

Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wapate kuzaliana. Katika kipindi hicho familia ya mvuvi hutegemea shamba na biashara ndogondogo. Kwa hiyo shamba na ziwa ni akiba mbili zinazosaidiana: moja inapofungwa, nyingine hulisha. Anayeuza shamba lake lote huwa ameondoa akiba moja kati ya hizo, hata kama bei aliyolipwa ni nzuri.

Ziwa halina lango

Wananchi wengi wa Rwanda wamesikia juu ya mgawo wa mapato ya utalii. Mpango huo, ulioanza mwaka 2005, unahusu hifadhi za taifa. Mwanzoni asilimia 5 ya mapato ya hifadhi ilirudishwa kwa maeneo jirani. Mwaka 2017, kibali cha kuwatembelea sokwe wa milimani kilipopandishwa hadi dola 1,500 za Marekani, mgawo huo uliongezwa hadi asilimia 10. Fedha hizo hugharimia miradi ya jamii kama vile madarasa, vituo vya afya na maji safi. Sehemu za Nyamasheke na Rusizi zinazopakana na Hifadhi ya Nyungwe zimo katika mpango huo.

Ziwa Kivu, hata hivyo, si hifadhi ya taifa. Mgeni anayekuja kuogelea au kuvuka kwa boti kwenda visiwani halipi tiketi langoni, kwa kuwa lango lenyewe halipo. Fedha zake huenda hotelini, kwa mwenye boti, kwa mwongoza watalii, kwa muuza kahawa au kwa mama anayekaanga sambaza. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaofuata njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli iitwayo Congo Nile Trail, yenye urefu wa takriban kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayopita katikati ya mashamba na vijiji.

Kwa sababu hiyo, mgawo wa mwanakijiji wa Kivu hauamuliwi na asilimia iliyowekwa. Unaamuliwa na kile alicho nacho mkononi: ajira, chombo, bidhaa au ardhi. Ajira inaweza kukoma, kama ilivyoonekana mwaka 2020 janga la korona lilipofunga hoteli. Ardhi hubaki, ilimradi haki juu yake ijulikane na ilindwe.

Mita 50 kutoka majini

Jambo la kwanza la kufahamu ni mpaka wa ufukwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilielekeza kwamba kilimo na ufugaji vifanyike umbali wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na mita 10 kutoka ukingo wa mto. Lengo ni kuzuia udongo wa milimani usisombwe na mvua hadi majini. Ukingo wa ziwa wenyewe ni sehemu ya ardhi ya umma.

Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wastani wa watu 503 kwa kila kilomita ya mraba, mita 50 ni upana mkubwa kwa mwenye shamba dogo. Muuzaji na mnunuzi wote wawili wanapaswa kujua kwamba kipande kilichomo katika ukanda huo hakiwezi kuuzwa kama shamba la kawaida. Mwekezaji wa hoteli naye hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza ujenzi.

Jambo la pili ni mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo ndio unaoonyesha kama eneo limetengwa kwa kilimo, makazi, biashara au utalii. Mtu anaweza kuwa na hati halali na bado asipate kibali cha kujenga nyumba ya kuishi, kwa kuwa eneo lake limepangiwa matumizi mengine. Anayeuza bila kuuangalia mpango huo anaweza kukubali bei ya shamba kwa kiwanja ambacho mnunuzi anajua kuwa ni cha hoteli.

Majina yaliyo kwenye hati

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilisajili zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi, kila kimoja kikipewa namba ya utambulisho iitwayo UPI. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, na huduma kadhaa za ardhi huombwa kupitia jukwaa la Irembo.

Hati hulinda wale ambao majina yao yamo. Wanandoa waliofunga ndoa ya kisheria husajiliwa pamoja, na mmoja hawezi kuuza bila ridhaa ya mwenzake. Mwanamke anayeishi na mwanamume bila ndoa ya kisheria hana ulinzi huo moja kwa moja, hata kama amelima shamba hilo kwa miaka 20. Ni hivyo pia kwa familia zilizofunga ndoa kwa taratibu za dini au mila pekee bila kuisajili serikalini. Jina lisiposajiliwa, siku mnunuzi anapobisha hodi huenda muda wa kulalamika ukawa umepita.

Kuuza, kukodisha au kutwaliwa

Mwekezaji binafsi anayehitaji kiwanja kwa biashara yake anaweza kukubaliana bei na mwenye ardhi. Mwenye ardhi halazimiki kuuza. Anaweza kukodisha kwa mkataba wa maandishi, akabaki na umiliki wake na kupata kodi kila mwaka. Anaweza pia kuuza sehemu na kubaki na sehemu ya kulima.

Kutwaliwa kwa ardhi ni jambo jingine. Hiyo ni hatua ya mamlaka za umma, kwa maslahi ya umma, na inaongozwa na sheria ya mwaka 2015. Sheria hiyo inataka fidia ya haki iamuliwe na wathamini waliosajiliwa. Juu ya thamani ya mali huongezwa asilimia 5 kwa ajili ya usumbufu. Asiyeridhika ana haki ya kumleta mthamini wake mwenyewe kwa gharama zake. Fidia iliyoidhinishwa inapaswa kulipwa ndani ya siku 120.

Migogoro midogo ndani ya familia au kati ya majirani inaweza kuanzia kwa wapatanishi wa eneo, wanaojulikana kama abunzi, kabla ya kufikishwa mahakamani.

Kabla ya kutia saini, basi, mwanakijiji anahitaji majibu ya maswali manne. Je, kipande kimo ndani ya mita 50? Eneo limepangiwa matumizi gani? Majina ya nani yamo kwenye hati? Na familia itakula nini katika miezi miwili ambayo mitumbwi hailali ziwani? Swali hilo la mwisho haliandikwi kwenye mkataba wowote, na mnunuzi hana sababu ya kuliuliza. Ni la wenye nyumba kuulizana wao kwa wao, kabla ya kukubaliana bei.