Mwenzi wa Kwanza

Miongoni mwa desturi za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wa nje wamezoea kuliita Kanisa la Wamormoni, hapana iliyodumu kwa uthabiti kama hii ya kuwatuma wajumbe wake wawili wawili. Wala hapana, kwa maoni yangu, iliyowalea vijana wake zaidi kuliko fungu lake moja dogo, nalo ni kumkabidhi mgeni wa kazi mikononi mwa kijana mwenzake, aliyemtangulia pengine kwa miezi michache tu, ili amfunze.

Kanisa hilo liliasisiwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, na mwezi wa Juni mwaka ule ule ndugu yake, Samuel, alishika njia na nakala za Kitabu cha Mormoni, akibisha mlango kwa mlango. Mwezi wa Februari 1831 ukatolewa ufunuo ambao waumini huuhesabu kuwa sheria ya kanisa, na ndani yake wahubiri wakaamriwa kwenda wawili wawili, kama wanafunzi wa Yesu walivyotumwa katika Injili. Muradi wa agizo hilo la kale ni ushahidi, kwa kuwa neno la watu wawili husimama pale ambapo neno la mmoja hutiliwa shaka. Lakini wahubiri hao, waliotoka bila masurufu wakitegemea ukarimu wa watu, aghalabu wakiwa waume walioacha wake na watoto nyumbani, hawakuwa na chuo wala kitabu cha mafunzo. Walichokuwa nacho ni njia, na mtu wa kuandamana naye. Na hivyo kile kilichowekwa kwa ajili ya ushahidi kikageuka, bila mtu kukusudia, kuwa madarasa.

Thamani ya mwenzi hudhihirika zaidi siku anapoondoka. Mwaka 1835 Wilford Woodruff, aliyekuwa na miaka 28 na cheo cha kuhani tu, alitembea katika vinamasi vya Arkansas akiandamana na mwenzi aliyemzidi daraja, na goti lake likamshika kwa maumivu hata asiweze kwenda. Mwenziwe, aliyekuwa na shauku ya kurejea kwa jamaa zake, alimwacha ameketi juu ya gogo katikati ya matope na maji, akaenda zake. Woodruff alisimulia baadaye kwamba alipiga magoti pale pale akaomba, maumivu yakamtoka, akaendelea peke yake mpaka Memphis. Mwaka 1889 mtu huyo alikuwa rais wa kanisa zima. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara moyo wangu hubaki pale kwenye gogo, kwa sababu aliyekuwa na daraja ya kufundisha ndiye aliyeondoka.

Kinyume cha habari hiyo ni ile ya Joseph F. Smith, yatima wa baba na mama, aliyetumwa visiwa vya Hawaii mwaka 1854 akiwa na umri wa miaka 15. Katika kisiwa cha Maui aliugua sana, na aliyemuuguza ni mwanamke mwenyeji, ambaye alimwita mama siku zote za maisha yake. Lugha ya visiwa hivyo aliipata hukohuko, midomoni mwa wenyeji. Miaka mingi baadaye, yeye akiwa kiongozi mkubwa, alirudi visiwani akamkuta mama yule kizee kipofu, amekuja kumlaki na ndizi chache mkononi. Mkufunzi wake wa kweli hakuwa na cheo wala barua ya uteuzi.

Wanawake wasioolewa walipoanza kutumwa, mwaka 1898, Inez Knight na Jennie Brimhall walifika Uingereza bila dada yeyote aliyewatangulia wa kuwaonyesha njia, hata ikawalazimu kuwa kila mmoja mkufunzi na mwanagenzi wa mwenziwe.

Vyuo vilikuja taratibu. Nyumba ya kuwaandaa wamisionari kwa muda mfupi ilifunguliwa Salt Lake City mwaka 1925. Mwaka 1961 ikaanzishwa huko Provo taasisi ya lugha, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakingoja viza za Mexico na Argentina. Na mwaka 1978 shughuli hizo zikachukua jina la Kituo cha Mafunzo ya Wamisionari. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19. Mtu angedhani kwamba kila chuo kilichojengwa kilimpunguzia mwenzi wa kwanza kazi. Sivyo, kijana akishuka katika mji asioujua, majuma yake 12 ya mwanzo bado yamo mikononi mwa mtu mmoja.

Siku yao huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa desturi ya tangu zamani, wakasoma, wakapanga, wakatoka, na taa ikazimwa saa nne na nusu usiku. Hulala chumba kimoja, vitanda mbalimbali, na hawaachani machoni wala masikioni. Mwanagenzi husikiliza jinsi mkufunzi anavyobisha hodi, jinsi anavyonyamaza mlango unapofungwa usoni pake, jinsi anavyogawa posho ya mwezi isiishe kabla ya mwezi, anavyopika na kufua shati jeupe la kesho. Kila juma huketi wawili hao kuambiana kwa adabu yaliyowaudhi, na nadhani hapo ndipo penye ugumu wa kazi nzima, maana kumhubiria mgeni ni kwa saa moja, lakini mwenzi yuko nawe mchana na usiku. Wenyewe, katika misemo yao, humwita mkufunzi baba na mwanagenzi mwana. Mji wa kwanza ndiko kijana alikozaliwa, na kumaliza miezi 24 ya utume ni kufa. Baba huyo pengine ana miaka 19.

Kwa Kiswahili vijana hao huitwa Mzee, neno ambalo kwetu hutolewa kwa mvi. Historia yao katika Afrika ina jeraha lake: hadi Juni 1978 wanaume weusi walikuwa wamenyimwa ukuhani wa kanisa hilo, na ni baada ya kizuizi hicho kuondolewa ndipo milango ya bara hili ilipofunguka kwa wingi, ikawepo misheni ya Nairobi mwaka 1991 na kituo cha mafunzo nchini Ghana. Kwa hiyo leo mkufunzi aweza kuwa kijana wa Uganda au wa Kongo, na mwanagenzi wake mtoto wa Utah ambaye Kiswahili chake kimeishia kwenye maamkizi. Huyu mgeni huenda sokoni nyuma ya mwenziwe, akisikiliza bei ya nyanya inavyoteremshwa kwa salamu za nyumbani na habari za watoto, na jioni hujaribu maneno yale yale chini kwa chini, huku mwenziwe akimsahihisha kutoka kitanda cha pili mpaka saa ya kuzima taa.