Nywele za Pajini Katika Nchi ya Buha

Kasulu ilikuwa katika ufalme wa Heru, na Kibondo katika Muhambwe. Lugha ya nchi hizo, Kiha, ni ndugu ya Kirundi na Kinyarwanda. Miongoni mwa majirani hao desturi ya nywele ijulikanayo zaidi ni amasunzu ya Rwanda: kichwa kilinyolewa, yakaachwa matuta ya nywele yaliyopindwa kama mwezi mchanga, jingine likikaribia paji la uso. Wanaume nao walikuwa nayo. Lakini kwa mwanamwali ilikuwa alama kwamba hajaolewa. Akisha kuzaa, alivaa urugore, utepe wa ganda la mtama. Nywele za mbele, basi, zilifuata hali ya mtu kuliko umbo la uso wake.

Mtindo wa kuteremsha nywele pajini unafaa nywele zinazoanguka zenyewe. Za kipilipili zikikatwa mbichi usawa wa nyusi, hukauka zikapanda hadi katikati ya paji; zikinyoshwa kwa kitana cha moto, unyevu wa majira ya mvua, Novemba hadi Aprili, huzirudisha. Na msichana wa leo, aliyezoea kunyolewa shuleni kama wenzake wengi, huingia saluni kuuliza kama zitampendeza, naye hajapata kuziona nywele zake zikikua.