Mauaji ya Herbert Lee

Herbert Lee (1912–1961) alikuwa mkulima Mweusi wa Kaunti ya Amite, kusini-magharibi mwa jimbo la Mississippi, Marekani. Aliuawa kwa risasi mchana kweupe tarehe 25 Septemba 1961. Muuaji wake, E. H. Hurst, alikuwa mjumbe mzungu wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo na hakushtakiwa.

Usuli

Mwaka 1961 Amite ilikuwa na Mweusi mmoja tu katika daftari la wapiga kura. Lee, baba wa watoto tisa na mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, alimzungusha kwa gari lake Bob Moses wa SNCC, kamati ya wanafunzi wa harakati za haki za kiraia, aliyehamasisha watu Weusi wajiandikishe kupiga kura. Agosti mwaka huo Moses alipigwa na Billy Jack Caston, mkwe wa Hurst. Caston alishtakiwa, akaachiwa huru.

Tukio

Lee alikuwa amepeleka pamba kwenye kiwanda cha kuichambua huko Liberty, makao ya kaunti. Hurst, aliyefahamiana naye tangu utotoni, alimfuata, wakabishana, akampiga risasi ya kichwa mbele ya watu. Maiti ilikaa chini kwa saa kadhaa kabla ya kuondolewa.

Uchunguzi

Jopo la kuchunguza kifo lilikaa katika ukumbi wa mahakama uliojaa wazungu wenye silaha. Hurst alidai kwamba Lee alimjia na chuma cha kufungulia matairi. Louis Allen, mkata magogo Mweusi aliyeshuhudia tukio, aliunga mkono madai hayo kwa kuhofia maisha yake, na Hurst akasafishwa.

Baadaye Allen aliwaeleza maofisa wa serikali ya shirikisho kwamba Lee hakuwa na silaha. Aliomba ulinzi, akanyimwa. Mwaka 1962 naibu sherifu alimvunja taya kwa tochi. Tarehe 31 Januari 1964, usiku wa kuamkia safari yake ya kuhamia Milwaukee, aliuawa kwa bunduki langoni pake. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Umuhimu

Kesi hii inaonyesha jinsi kinga ya wanasiasa wabaguzi ilivyojengwa. Wajumbe wa majopo ya mahakama walitoka miongoni mwa wapiga kura, hivyo aliyenyimwa kura alinyimwa pia nafasi ya kuamua kesi. Hurst alifariki mwaka 1990. Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyolifungua upya jalada la Lee, ililifunga mwaka 2010 kwa kuwa mtuhumiwa hakuwa hai.